Wa Kwanza Chuoni Katika Ukoo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Julai, matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka, simu yangu haipumui. Nafundisha sekondari ya serikali, na wengi wanaonipigia ni watoto wa wakulima, wavuvi na mama ntilie ambao nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuvaa joho. Maswali ni yale yale mwaka hadi mwaka, nikaona bora niyaandike. Machache sana yanahusu akili au bidii. Karibu yote ni ya makaratasi na tarehe. Mtoto wa afisa huzisikia tarehe hizo mezani akila chakula cha usiku. Huyu wetu huzisikia zimeshapita.

Majibu ni ya Tanzania, hasa kwa shahada ya kwanza. Viwango na tarehe hubadilika, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote fungua mwongozo wa mwaka wako wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na wa Bodi ya Mikopo (HESLB). Vyote viko bure mtandaoni.

## Kuanzia mwanzo

1. Je, kuna nafasi zilizotengwa kwa mtu wa kwanza kusoma chuo kwao?

Hakuna. Fomu ya udahili haiulizi kama baba yako alisoma. Kwenye udahili unashindana kwa alama tu, uwe umetoka Masaki au Mkalama.

Kwenye mkopo mambo ni tofauti kidogo. Bodi huangalia uhitaji: yatima wa mzazi mmoja au wote, mwenye ulemavu au mwenye mzazi mlemavu, kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, aliyesomeshwa sekondari kwa ufadhili. Wengi walio wa kwanza kwao wanaangukia angalau kundi moja hapo. Lakini hali yako isiyo na karatasi ya kuithibitisha, kwa Bodi haipo. Soma swali la 9 kwa makini kuliko mengine yote.

2. Alama ngapi zinatosha kwenda chuo kikuu?

Kwa waliomaliza Kidato cha Sita kuanzia 2016, kiwango cha chini cha TCU ni prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4 katika masomo yanayohusiana na kozi. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S si prinsipo, na somo la GS (General Studies) halimo kwenye hesabu hii.

Kwa hiyo mwenye C ya Kiswahili na E ya Historia amefika 4 na anaweza kuomba. Mwenye D ya Historia, E ya Kiswahili na S ya Kiingereza amepata 3, hajafika. Aende swali la 3. Vijana wengi hutazama divisheni peke yake, wakiona "three" wanakata tamaa, kumbe pointi wanazo.

Pointi 4 ni za kufungulia geti tu. Kila kozi ina masharti yake ndani: udaktari unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, na kozi zinazogombewa huchukua wenye alama za juu zaidi ya kiwango kilichoandikwa.

3. Sikufikisha pointi. Ndiyo basi?

Hapana, ingawa njia itarefuka. Ziko tatu ninazozipendekeza.

Ya kwanza ni diploma. Vyuo vya kati vinasimamiwa na NACTVET, na ukimaliza ngazi ya sita (NTA Level 6) kwa GPA ya 3.0 au zaidi unaomba shahada kwa sifa linganishi. Sharti moja watu hulisahau: lazima uwe na ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, D au zaidi, na masomo ya dini hayahesabiwi. Kuna waliomaliza diploma vizuri wakagonga ukuta kwa sababu cheti cha "form four" kina D tatu.

Ya pili ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambayo nayo inadai GPA ya 3.0 ili ikupeleke shahada. Chuo hicho kilianzishwa 1992 na kina vituo mikoani, hivyo unaweza kusoma ukiwa kwenu unauza duka.

Ya tatu ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hii ninaishauri kwa aliyekosa kidogo kwa sababu inayojulikana, kama ugonjwa au msiba. Aliyekosa kwa sababu tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, ilikuwa ya kulazimishwa, akirudia PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) ileile anarudia maumivu yaleyale.

4. Nina Kidato cha Nne tu. Niende "advance" au diploma?

Ukipangiwa Kidato cha Tano kwa masomo unayoyaweza, nenda. Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za serikali imeondolewa tangu 2022/23, na ile ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilishaondolewa 2016. Bado utanunua godoro, sare na nauli, lakini si mzigo wa zamani.

Diploma ina faida yake: ukiishia hapo, una fani mkononi. Kwa familia isiyoweza kungoja miaka mitano bila kipato hilo ni jambo kubwa, na asikudharau mtu kwa kulichagua.

## Kuomba udahili

5. Naomba TCU au naomba chuoni?

Chuoni moja kwa moja. Zamani, kuanzia 2010, maombi yote yalipita mfumo mmoja wa TCU. Tangu 2017/18 kila chuo kinapokea maombi yake kwenye tovuti yake. Kaka zako waliosoma miaka hiyo watakuelekeza njia iliyokwishafungwa, wasikilize kwa heshima kisha usome mwongozo.

Ada ya maombi kwa vyuo vingi ni shilingi 10,000 kwa kila chuo. Ukipata hela ya vyuo viwili tu, kimoja kiwe unachokitamani na kingine kiwe ambacho alama zako zinakitosha bila wasiwasi. Kosa ninaloliona kila mwaka ni kijana kuomba vyuo vitatu, vyote kozi moja ya ndoto, akiwa na pointi za kuchungulia.

Dirisha la kwanza hufunguliwa karibu na kutoka kwa matokeo, Julai. Madirisha yanayofuata huwa na mabaki.

6. Nimechaguliwa vyuo viwili. Nifanye nini?

Thibitisha kimoja, na ufanye hivyo mapema. Utatumiwa namba maalumu ya siri kwenye simu uliyojaza. Unaiingiza kwenye mfumo wa chuo unachokitaka. Ukikaa kimya ukidhani chuo kitakungoja, nafasi inaweza kwenda kwa mwingine.

Hapa ndipo laini ya simu inapoleta kilio. Ukijaza namba ya mjomba, ujumbe unaingia kwa mjomba, naye yuko shambani hakuna mtandao. Jaza laini yako, iliyosajiliwa kwa jina lako, na usiibadilishe mpaka ukae darasani.

7. Nichague kozi gani yenye mkopo?

Usianze na swali hilo. Mwongozo wa Bodi hupanga kozi kwa makundi ya vipaumbele, na ualimu wa sayansi, afya na uhandisi hukaa juu mara nyingi. Lakini kozi ya kipaumbele usiyoiweza itakurudisha nyumbani mwaka wa kwanza, na deni la mwaka huo unarudi nalo. Chagua unachokimudu, kisha kati ya hivyo angalia chenye mkopo.

Aliyefaulu kwa kiwango cha juu kabisa tahasusi za sayansi afuatilie pia Samia Scholarship iliyoanza 2022/23. Ule ni ufadhili, haurudishwi.

## Mkopo na makaratasi

8. Mkopo unalipa nini hasa?

Ada (yote au sehemu), chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Hela ya chakula na malazi ndiyo wanafunzi wanaiita bumu. Ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022/23. Huingia kwa mafungu, kwa hiyo siku ya bumu unajiona tajiri na wiki chache baadaye unakula mihogo.

Tangu 2023/24 mkopo umefika pia kwa baadhi ya kozi za diploma. Aliye kwenye njia ya swali la 3 asipite bila kuangalia.

9. Nahitaji makaratasi gani, na nianze lini?

Anza Desemba, likizo ya Kidato cha Sita. Usingoje Julai. Nikiulizwa kipi kimoja kinawaangusha wanangu kuliko umaskini wenyewe, nitasema ni kuanza Julai.

Cheti cha kuzaliwa ndicho cha kwanza. Wengi vijijini wana tangazo la kliniki au kadi ya ubatizo wakidhani inatosha. Unatakiwa cheti chenyewe, kisha kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Wa Zanzibar wanahakikisha kwa ZCSRA, wakala wa usajili wa kule. Kama hujasajiliwa kabisa, itabidi upite ofisi ya mkuu wa wilaya ukiwa na ushahidi wa kuzaliwa, na hapo siku moja haitoshi.

Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Hili ni gumu kusema lakini nitalisema: bibi zetu hawasajili vifo. Baba alizikwa mwaka fulani, kijiji kizima kilishuhudia, karatasi hakuna. Kijana anajaza "yatima", anashindwa kuthibitisha, anahesabiwa kama mwenye wazazi wawili. Usajili wa kifo kilichopita muda mrefu unawezekana, ila unahitaji barua ya mtendaji, mashahidi na uvumilivu.

Kama nyumbani mnapokea TASAF, pata namba ya kaya kwa usahihi. Kama ulisomeshwa na shirika au parokia, omba barua yao ukiwa bado shuleni. Ukishaondoka, aliyekufahamu amehamishwa. Ulemavu huthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa.

Halafu kuna fomu yenyewe. Ada ya maombi ya Bodi ni shilingi 30,000 na hairudishwi. Unalipa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, ile watu wanaiita kontroo namba. Ukishajaza, unachapa, unasaini, mdhamini anasaini, serikali ya mtaa au kijiji inagonga muhuri, kamishna wa viapo anashuhudia, kisha kurasa zilizosainiwa unazipandisha tena kwenye mfumo. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika. Mtu amelipa, amesaini, ameweka fomu kabatini akidhani amemaliza.

Mdhamini mwambie mapema na mweleze ni nini. Wazee wengi wakisikia "dhamana" wanaona ng'ombe wao wanakwenda.

10. Jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mariamu, kwenye cha Kidato cha Nne ni Mariam. Ni tatizo?

Ni tatizo, tena la kawaida mno. Mfumo wa Bodi unakutambua kwa namba yako ya mtihani wa Kidato cha Nne na jina lililo pale, kwa hiyo cheti cha Baraza la Mitihani (NECTA) ndicho kiwe kipimo. Herufi ikitofautiana, mwone wakili akuandalie hati ya kiapo; jina zima likitofautiana, hati ya kubadili jina. Uliyerudia mtihani, tumia namba ileile ya Kidato cha Nne kwenye udahili na kwenye mkopo.

Mwalimu wa Kidato cha Pili anayesajili watahiniwa akiomba cheti cha kuzaliwa kila mtoto, kilio hiki hakizaliwi kabisa.

11. Baba yuko hai lakini alituacha. Nijaze nini?

Ukweli. Usijaze kwamba amefariki, maana cheti cha kifo hutakuwa nacho na udanganyifu ukigundulika maombi yote yanaharibika. Jaza mzazi au mlezi unayeishi naye, na hali yake ya kipato kama ilivyo. Nakiri kundi hili halina kisanduku chake kwenye fomu, na naona ni pengo. Mtoto wa baba aliyetoroka hana tofauti na yatima siku ya ada.

12. Nimwachie mtu wa steshenari anijazie?

Mlipe akuchapie, akupigie skani, akupandishie. Ukae pembeni yake. Nywila iwe yako, uiandike kwenye daftari lako, na barua pepe iwe yako. Nimeona wanafunzi thelathini wakiwa na barua pepe moja ya kibanda, kibanda kikafungwa. Nimeona pia kijana aliyeandikiwa tahasusi ya mwenzake kwa sababu ya foleni.

Anayekuambia "nipe laki moja, nina mtu Bodi", ondoka hapo.

13. Nimepangiwa JKT. Maombi nitayafanyaje nikiwa kambini?

Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria huangukia miezi ileile ya maombi, na kambini simu haiko mkononi muda wote. Kwa hiyo yote ya swali la 9 yawe tayari kabla hujapanda basi. Mwachie mtu mmoja unayemwamini nakala zilizopigwa skani, na umwonyeshe kwa macho jinsi ya kuingia kwenye akaunti. Dada wa darasa la saba aliye makini anafaa kuliko mjomba mwenye digrii asiyepokea simu.

14. Nimekosa mkopo, au nimepewa kidogo. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha umekosa kweli. Majina hutoka kwa awamu, na kukosa awamu ya kwanza si hukumu. Kama maombi yana kasoro, akaunti yako itaonyesha na utapewa muda wa kurekebisha. Awamu zikiisha, hufunguliwa dirisha la rufaa, na rufaa inayofaulu ni yenye karatasi mpya: cheti cha kifo kilichochelewa, barua ya mganga, uthibitisho wa TASAF. Barua ya kulalamika tu haina kazi.

Ukikosa kabisa, unaweza kuomba tena ukiwa mwaka wa pili. Wengine huahirisha mwaka. Ukiahirisha, ifanye kwa barua rasmi ya chuo, usipotee tu.

Na ukoo nao upo. Kwetu harusi inachangiwa kwa kadi na vikao vya kila Jumapili. Kikao kimoja cha aina hiyo kwa ajili ya ada ya mtoto wa kwanza kwenda chuo, sijui kwa nini tunaona aibu kukiita.

15. Deni halitanila maisha yangu yote?

Unaanza kudaiwa miaka miwili baada ya kumaliza. Ukiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichowekwa na marekebisho ya sheria ya 2016. Kabla yake kilikuwa 8. Kuna habari njema: tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inavimbisha deni kila mwaka, iliondolewa 2021 pamoja na adhabu ya asilimia 10 ya wachelewaji.

Asilimia 15 inauma, sitakudanganya. Asiye na kazi rasmi naye anadaiwa. Aende Bodi mwenyewe wapange, asikae akijificha.

## Ukishafika

16. Nisafiri na kiasi gani?

Usisafiri na nauli peke yake ukitegemea bumu. Bumu haliingii mpaka usajiliwe, ufungue akaunti ya benki na kusaini, na hayo huchukua wiki. Kabla ya hapo kuna bima ya afya (ya mwanafunzi kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka), ada ya TCU ya shilingi 20,000, ada ya serikali ya wanafunzi, na sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifunika. Fomu ya kujiunga inataja kila kitu, isome mpaka ukurasa wa mwisho. Ongeza hela ya kula ya mwezi mmoja.

Hosteli omba siku ileile mfumo unapofunguliwa. Ukikosa, usipange geto peke yako. Wawili watatu mgawane kodi.

17. Nasikia wa kutoka shule za kata wanadisko. Kweli?

Wapo wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, na wa shule za gharama nao wapo. Tofauti ninayoiona ni kwamba wetu akipata sapu (mtihani wa kurudia somo) anaona aibu, anajificha chumbani. Mwingine anamfuata mhadhiri, anauliza alikosea wapi. Ofisi ya mhadhiri ina saa za wanafunzi, nenda. Mshauri wa wanafunzi yupo, nenda. Kiingereza cha mihadhara kitakutisha mwezi wa kwanza. Tafuta kundi la kusoma, jadilini kwa Kiswahili, andikeni kwa Kiingereza.

18. Nyumbani wanaomba hela ya bumu. Niwape?

Ni lako kuamua, na sitakufundisha kumnyima mama yako. Ila waonyeshe hesabu: 10,000 ni kula, kulala na kutoa nakala kwa siku moja. Wazee wengi wanadhani "mkopo wa serikali" ni mamilioni ya mkupuo. Wakiona kwenye karatasi, huelewa.

## Hali za pembeni

19. Niliacha shule kwa ujauzito. Bado naweza?

Ndiyo. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule katika mfumo rasmi. Anayeona darasa halimfai tena anaweza kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akafanya QT (mtihani wa maarifa), akaendelea na Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kutoka hapo njia za swali la 2 na la 3 ni zake kama mtu yeyote.

20. Nina miaka 38. Nimechelewa?

Kwa mkopo wa HESLB, umechelewa: miongozo ya karibuni inataka usiozidi miaka 35 na uliyemaliza masomo yako ndani ya miaka mitano. Kwa kusoma, hujachelewa. Chuo Kikuu Huria kimejaa watu wa umri wako, na TCU ina utaratibu wa kutambua ujuzi ulioupata kazini.

21. Mimi ni Mzanzibari. Naomba bodi ipi?

Zanzibar ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Soma miongozo yote miwili, lakini mkopo utakuwa wa bodi moja.

22. Mimi ni mkuu wa shule, bajeti sina. Nianzie wapi?

Anzia ubaoni. Mwezi Januari andika ukutani orodha ya Kidato cha Sita, mbele ya kila jina visanduku vinne: cheti kimehakikiwa, jina linalingana na la NECTA, laini ya simu yake, mdhamini. Kila Ijumaa mwalimu wa zamu anapita na kuweka vema. Mwite mtendaji wa kata aje na muhuri wake siku moja, agonge fomu zote hapo shuleni, ili watoto sitini wasipande bodaboda sitini kumfuata.

Na waalike waliotangulia. Aliye mwaka wa pili Dodoma au Morogoro akirudi likizo, mpe kipindi kimoja na Kidato cha Sita bila walimu kuwamo. Watamuuliza vitu ambavyo hawawezi kutuuliza sisi, kama anakula nini bumu likiisha.